Maswali 60 ya Imamu Abu Hanifa

 



Ukimuuliza mtu yeyote hapa chuoni mwanafunzi bora ni nani, jibu halichelewi. Ni yule aliyeanza mapema, aliyepelekwa madrasa akiwa bado anashikwa mkono njiani. Ni yule asiyejua jingine ila kitabu. Ni yule mwenye kichwa chepesi, anayesikia mara moja na kushika. Na zaidi ya yote, ni yule mwenye jibu kila mhadhiri anapouliza. Mimi pia nilikuwa nikiamini hivyo, na kwa vipimo hivyo nilikwisha kujihukumu mwenyewe kabla hajanihukumu mtu.

Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Nilipomaliza sekondari nilikaa miaka 5 kwenye kibanda cha mama yangu sokoni, tukiuza vitenge. Nilipopata nafasi ya kuja kusoma huku Uganda nilikuwa na miaka 24. Shule yangu yote nilisoma kwa Kifaransa, na hapa masomo ni Kiingereza na Kiarabu. Wenzangu wengi darasani wana miaka 19 au 20, nao wametoka kwenye maahad wakiwa na mutuun vifuani. Mimi jioni nauza mitandio na vitenge bwenini ili nipate ada, na dada zangu wengi mnaosoma makala hii mmeshanunua kwangu, wengine mna madeni bado.

Muhula uliopita nilifeli jaribio la Usul al-Fiqh. Mwenzangu mmoja, naamini kwa nia njema, akanikumbusha ile methali ya mshika mbili moja humponyoka, akanishauri nichague moja, kitabu au biashara, tena umri wangu nao unakwenda. Usiku ule nilihesabu nauli ya basi mpaka Bujumbura nikaona ninayo.

Kilichonizuia kupanda basi lile ni kazi ya somo la Tarikh Tashrii ambayo nilikuwa sijaikamilisha. Nilikuwa nimepangiwa kuandika maisha ya Imamu Abu Hanifa (Allah amrehemu). Nilitaka niimalize tu ili nisiondoke na deni. Haya ninayowaletea ndiyo niliyoyakuta.

KIJANA WA DUKA LA HARIRI

Jina lake ni Nu'man bin Thabit. Kwa kauli mashuhuri alizaliwa mwaka 80 Hijria, sawa na mwaka 699 Miladia, katika mji wa Kufa nchini Iraki. Asili ya ukoo wake haikuwa ya Kiarabu bali ya Kiajemi, na wengi wamesema babu yake Zuta alitoka Kabul. Kufa ulikuwa mji mchanga bado, ulioanzishwa mwaka 17 Hijria wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), lakini ulikuwa umejaa elimu. Sayyidna Umar alimpeleka huko Abdullah bin Mas'ud (r.a.) awafundishe watu, na Sayyidna Ali (r.a.) akaufanya kuwa makao yake. Mtoto aliyekulia Kufa hakukosa darsa la kukaa. Msikiti wake mkuu ulikuwa na halaka nyingi, kila nguzo na sheikh wake.

Lakini Nu'man hakukulia chini ya nguzo hizo. Inapokewa kuwa alihifadhi Qur'ani ujanani, ila maisha yake yalikuwa sokoni. Nyumba yao ilikuwa ya wafanyabiashara wa khazzi, kitambaa cha hariri iliyofumwa pamoja na sufi, naye akashika kazi hiyo hiyo. Alijua kupima jora, kutazama ufumaji, na kumtambua mnunuzi wa kweli na yule anayepoteza muda.

Inapokewa kuwa siku moja alipita mbele ya sheikh mkubwa wa Kufa, Amir ash-Sha'bi. Sheikh akamwita akamuuliza ni kwa nani anakokwenda. Nu'man akamtaja mtu wa sokoni. Sheikh akamweleza kuwa hakukusudia soko, alitaka kujua ni kwa mwanachuoni gani anakokaa. Kijana akasema ukweli, kwamba kwa wanavyuoni huenda mara chache. Ash-Sha'bi hakumkemea. Alimwambia kuwa anamwona ana akili iliyo macho, basi asiiache bila elimu. Maneno yale yakamwingia.

Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Sheikh huyu alimwona kijana wa soko akipita zake, na alichokiona kwake hakikuwa umri wala cheti. Na pia kijana mwenyewe angeweza kujitetea kwa kutaja darsa moja aliloliona juzi. Hakufanya hivyo, alikiri kuwa haendi.

SWALI LA MWANAMKE

Alipoanza kusoma hakuanza na fiqhi. Alianza na ilmu ya kalamu, mijadala ya itikadi na makundi yake, na akawa hodari sana. Inasemekana alisafiri kwenda Basra zaidi ya mara 20 kwa ajili ya mijadala, kwani Basra ndiko yalikokuwa makundi mengi. Kwa vipimo vyetu, huyu alikuwa tayari amefika. Kijana, mwenye mali yake, mwenye ulimi, anayeshinda mabishano katika miji miwili. Leo angekuwa ndiye anayepewa maikrofoni kila semina.

Kisha akaja mwanamke mmoja. Jina lake halikuhifadhiwa. Alisimama mbele ya Nu'man na wenzake, hapo karibu na halaka ya Hammad bin Abi Sulayman, akauliza jambo la nyumbani: mtu akitaka kumtaliki mkewe kwa njia ya Sunna, afanye vipi? Nu'man, bingwa wa mijadala, hakujua.

Dada na kaka zangu, hebu tuliangalie jambo hili polepole. Alikuwa na njia nyingi za kutoka. Angeweza kumjibu kwa maneno mengi yasiyo na jibu ndani yake. Angeweza kumwambia kuwa swali lake ni dogo mbele ya masuala ya itikadi. Wengine wetu tungefanya hivyo, na yule mwanamke angeondoka akidhani kosa ni lake kwa kutofahamu. Nu'man alimwonyesha halaka ya Hammad akamwomba akaulize huko, kisha arudi amwambie alichojibiwa.

Mwanamke akaenda, akarudi. Jibu lilikuwa kwamba amtaliki talaka moja akiwa katika tohara ambayo hakumwingilia ndani yake, kisha amwache mpaka eda yake iishe. Nu'man alisikia, akachukua viatu vyake, akaondoka kwenye kalamu, akaenda kukaa kwa Hammad.

Hammad alifariki mwaka 120 Hijria, na Abu Hanifa alikaa naye miaka 18. Kwa hesabu hiyo alianza fiqhi akiwa na miaka kama 22. Mimi nilianza nikiwa na 24. Sisemi haya kujifananisha naye, astaghfirullah. Nasema kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa mlango umefungwa, nami nikasadiki bila kwenda kuusukuma.

MBELE YA HAMMAD

Hammad alikuwa mwanafunzi wa Ibrahim an-Nakha'i, ambaye elimu yake ilipitia kwa Alqama na wenzake mpaka kwa Ibn Mas'ud (r.a.). Kwa hiyo aliyekaa mbele ya Hammad alikuwa anapokea kutoka mkono hadi mkono elimu ya Kufa tangu mwanzo wake. Nu'man alisikiliza masuala, akayahifadhi, na siku ya pili Hammad alipowarudisha wanafunzi nyuma, Nu'man aliyataja kama alivyoyasikia ilhali wenzake wanakosea. Hammad akaamuru asikae mtu mbele yake katikati ya halaka ila Abu Hanifa.

Hapa lazima niwe mkweli nisije nikaandika ninayotaka mimi. Abu Hanifa alikuwa na kichwa chepesi kwelikweli. Aliyekuja chuoni akitafuta mfano wa kuwa uvivu wa kuhifadhi si neno, asiutafute kwake. Lakini kuhifadhi hakukuwa ndiko kulikomfanya kuwa Abu Hanifa. Waliohifadhi Kufa walikuwa wengi.

Baada ya miaka kama 10 kwa Hammad, nafsi ilimjia. Alijiona amejua vya kutosha, akatamani kufungua halaka yake mwenyewe. Mwenyewe alilisimulia jambo hili bila kulificha. Alitoka jioni moja akiwa amekwisha kuazimia, lakini alipoingia msikitini na kumwona mwalimu wake, moyo haukumpa kumwacha, akaenda akakaa naye kama kawaida. Usiku ule ule Hammad akapata habari kuwa jamaa yake wa Basra amefariki, ameacha mali, na hana mrithi mwingine. Hammad akamwamuru Abu Hanifa akae mahali pake, naye akasafiri.

Kwa hiyo alichokitamani alikipata bila kukiomba. Na mara tu Hammad alipotoka, watu wakaanza kuja na masuala ambayo Abu Hanifa hakuwahi kuyasikia kwa mwalimu wake. Alijibu, maana alikuwa amekaa mahali pa kujibu. Lakini kila alilolijibu aliliandika. Hammad alikaa huko miezi 2. Aliporudi, Abu Hanifa akamletea maandishi yake. Yalikuwa masuala kama 60. Hammad akakubaliana naye katika 40, akamkhalifu katika 20.

Hebu tuyapige mahesabu ya chuoni kwetu. Arobaini kati ya sitini ni asilimia 66 na ushei. Kwenye matokeo yetu hiyo ni alama ya kupita, tena ya kupita vizuri, na mtu angemwandikia mama yake kumpa habari njema. Abu Hanifa aliitazama ile 20. Aliona watu 20 waliouliza dini yao wakapata jibu ambalo mwalimu wake hakuliridhia. Akaapa kuwa hatamwacha Hammad mpaka mmoja wao afe. Na hakumwacha. Alikaa miaka mingine kama 8, mtu mzima mwenye duka na jina, akikaa chini pamoja na wanafunzi.

Lakini kilichonigusa zaidi ya ile 20 ni kuandika. Nani alimlazimisha aandike? Hammad hakuwapo. Waliouliza walikuwa wameridhika na kwenda zao. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Aliyaweka majibu yake kwenye karatasi ili yapate kukosolewa.

Nikakumbuka jaribio langu la Usul. Sikufeli kwa sababu ya vitenge, wala kwa sababu ya miaka. Nilifeli kwa sababu kwa wiki 7 mhadhiri alikuwa akieleza kiyasi na illa yake, na kila alipouliza kama tumefahamu, mimi nilitikisa kichwa pamoja na wengine. Nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani, nikaona haya mkubwa kuuliza kitu ambacho mtoto wa miaka 19 anakijua. Nilikuwa nikificha maswali yangu 20, na yakanitokea kwenye jaribio.

DUKA HALIKUFUNGWA

Hammad alipofariki, wanafunzi wakatafuta wa kukaa mahali pake, na hatimaye nafasi ikamwangukia Abu Hanifa, akiwa na miaka kama 40. Inapokewa kuwa maisha yake yote hakuwahi kunyoosha miguu kuelekea nyumba ya Hammad, ingawa kati ya nyumba zao kulikuwa na vichochoro 7, na kwamba kila aliposali alimuombea pamoja na wazazi wake.

Na duka? Duka halikufungwa. Aliendelea na biashara ya khazzi akiwa na mshirika wake, Hafs bin Abdir-Rahman. Kisa chao kimoja ni mashuhuri. Abu Hanifa alimpelekea Hafs bidhaa, akamjulisha kuwa nguo fulani ina kasoro, na akiiuza ambainishie mnunuzi. Hafs akaiuza akasahau kusema, wala hakujua aliyeinunua ni nani. Abu Hanifa alipojua, akatoa sadaka thamani ya bidhaa ile yote.

Nilikuwa nikidhani biashara ni kitu kinachomwibia mwanafunzi muda wake, basi. Lakini fiqhi ya kuuza na kununua, ya kasoro na hiyari, ya deni na rehani, Abu Hanifa aliijua kwa mikono yake. Na faida ya duka ndiyo iliyowalisha wanafunzi wake. Inapokewa kuwa alikusanya faida ya mwaka kwa mwaka akawanunulia masheikh na wanafunzi wa hadithi mahitaji yao na nguo zao.

Mmoja wa waliolishwa na duka lile ni Ya'qub bin Ibrahim, tunayemjua kwa jina la Abu Yusuf, aliyezaliwa mwaka 113 Hijria. Kwao kulikuwa na dhiki. Mzazi wake, wengine wanasema baba na wengine mama, akamtoa halakani aende akatafute riziki. Abu Hanifa alimkosa akamuulizia. Kijana alipokuja na kueleza, mwalimu akasubiri watu watawanyike, kisha akamkabidhi mfuko wa dirhamu 100 akamwambia asiikose halaka, na zikiisha amjulishe. Abu Yusuf amesimulia kuwa hakuwahi kumjulisha hata mara moja, kwani kila zilipokaribia kuisha alipewa nyingine, kana kwamba mwalimu amepewa habari.

Wangapi kati yetu hapa chuoni wamekatiza masomo kwa ada, nasi tukasema tu kuwa hakuwa na bidii?

NGUO YA DOBI

Abu Yusuf naye akaja akapatwa na yale yale yaliyompata mwalimu wake. Aliugua sana, na Abu Hanifa akamzuru akasema kwa huzuni kuwa alikuwa akimtarajia awafae Waislamu baada yake. Abu Yusuf akapona, maneno yale yakamfikia, nafsi ikavimba. Akafungua halaka yake, akaacha kuja kwa mwalimu.

Abu Hanifa hakumtuma mtu kumtukana. Alimtuma mtu na swali. Mtu amempa dobi nguo aifue kwa ujira. Alipoifuata, dobi akakana kuwa hana nguo yake. Baadaye akamfuata tena, dobi akamtolea nguo ikiwa imefuliwa. Je, dobi anastahili ujira? Yule mtu aliagizwa kuwa Abu Yusuf akisema anastahili, amwambie amekosea. Na akisema hastahili, amwambie amekosea pia.

Mambo yakaenda hivyo hivyo. Abu Yusuf akasema anastahili, akaambiwa amekosea. Akafikiri, akasema hastahili, akaambiwa amekosea. Papo hapo akainuka akaenda kwa Abu Hanifa, naye akajua kilichomleta ni suala la dobi. Jibu ni kuwa lazima kwanza tuulize nguo ilifuliwa lini. Kama aliifua kabla ya kukana, ana ujira, maana alimfulia mwenyewe. Kama aliifua baada ya kukana, hana ujira, maana alikwisha kuipora na aliifua kwa ajili ya nafsi yake.

Abu Yusuf akarudi kukaa. Huyu ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu katika zama za Harun ar-Rashid, na aliyeandika Kitab al-Kharaj kuhusu mali ya dola. Alifariki mwaka 182 Hijria. Kosa lake lilikuwa la haraka. Alilipa jibu swali ambalo lilipaswa kurudishiwa swali.

Na hivyo ndivyo halaka ya Abu Hanifa ilivyokuwa. Hakuwasomea wanafunzi waandike. Alilitupa suala katikati, kila mmoja akasema lake, wakabishana, wakati mwingine kwa siku nyingi, mpaka kauli ithibiti ndipo iandikwe. Walikuwamo Zufar na Abu Yusuf na wengineo, na mwishoni akaja kijana Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, ambaye hakuwa amepita sana miaka 18 mwalimu alipofariki. Wanafunzi hawa walimkhalifu mwalimu wao katika masuala mengi, na khilafu zao zimeandikwa mpaka leo ndani ya madhehebu yake. Hakuwahesabu kuwa wakosefu wa adabu. Inapokewa hata kuwa alimzuia Abu Yusuf kuandika kila anachokisikia kwake, kwa kuwa huenda leo akaona rai na kesho akaiacha.

ALIPOKATAA CHEO

Mwisho wa maisha yake ulikuwa mgumu. Katika siku za mwisho za Banu Umayya, gavana wa Iraki, Ibn Hubayra, alimtaka ashike kazi ya serikali. Akakataa, akapigwa mijeledi, siku baada ya siku. Ilipokuwa karibu mwaka 130 Hijria akahamia Makka, akakaa huko mpaka Banu Abbas waliposhika hatamu. Kisha khalifa Abu Ja'far al-Mansur, aliyeujenga mji wa Baghdad kuanzia mwaka 145, naye akamtaka awe kadhi.

Abu Hanifa akajibu kuwa hafai. Khalifa akamwambia anasema uongo. Imamu akamjibu kwa hoja ya darasani: kama ni mkweli, basi hafai kwa kauli yake mwenyewe, na kama ni mwongo, basi mwongo hafai kuwa kadhi. Akafungwa. Alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia, na wanahistoria wengi wanasema alifia gerezani. Alizikwa katika makaburi ya Khayzuran, na mtaa unaozunguka kaburi lake unaitwa al-A'dhamiyya mpaka leo, kwa ajili ya lakabu yake, al-Imam al-A'dham.

Kuna sababu za kisiasa za kukataa kwake, na wanavyuoni wamezieleza. Lakini mimi nimeona kuwa mtu yule ni yule yule. Mbele ya mwanamke asiyejulikana jina alisema hajui. Mbele ya Hammad alileta makosa yake 20. Mbele ya khalifa mwenye gereza alisema hafai. Nadhani angeanza na khalifa asingeweza. Alianza na yule mwanamke.

SISI TUNAMHUSU VIPI?

Huenda mtu akasema kuwa sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu ni Mashafi, tumelelewa na Safinatun-Najaa, na huyu si Imamu wetu. Kumbuka kuwa Imamu Shafi'i alizaliwa mwaka ule ule wa 150 aliofariki Abu Hanifa, na kwamba alipofika Iraki alikaa kwa Muhammad bin al-Hasan, yule kijana wa mwisho wa halaka ya Kufa, akanufaika naye na vitabu vyake. Kisha akawakhalifu kwa hoja, kama mwanafunzi anavyopaswa. Kwa hiyo hata kwenye Safina yetu mna uzi uliopita kwenye duka la khazzi.

Sijaandika haya ili kumwambia anayeanza mapema kuwa hana maana, au kumtia moyo anayekimbia vipindi kwa kisingizio cha biashara. Kuanza mapema ni neema, hifadhi ni neema, na kuwa na muda wote kwa kitabu ni neema kubwa zaidi. Ila tumezigeuza neema hizi kuwa mizani, na asiyepewa tumemhesabu si mwanafunzi. Mizani niliyoikuta kwa Abu Hanifa ni nyingine: mtu anafanya nini na swali asilolijua? Mizani hiyo haina umri, na hata asiye na ada anaweza kupimwa nayo.

Kazi ya Tarikh Tashrii niliikamilisha. Kisha nikachukua daftari la duka, lile ninaloandikia madeni yenu ya mitandio, nikageuza kurasa za nyuma nikaandika kila nisichokifahamu katika Usul tangu wiki ya kwanza. Yalikuwa mambo 31. Nikaenda nayo kwa mhadhiri. Mikono ilitetemeka, kwani nilijua atashangaa kwa nini nilikuwa natikisa kichwa. Alishangaa kweli. Kisha akavuta kiti. Tulifika la 9 siku ile, akanitaka nirudi Jumatano.

Kwenye mtihani wa marudio nilipata alama 58. Si alama ya kupeleka gazetini, lakini safari hii nilijua ni wapi nilipokosea. Nauli ya Bujumbura niliinunulia vitenge. Na daftari bado linaandikwa pande zote mbili, mbele madeni yenu, nyuma madeni yangu.

Dada na kaka yangu, ukiwa darasani kesho na mhadhiri akauliza kama tumefahamu, nawe hukufahamu, usitikise kichwa. Huenda aliyekaa nyuma yako naye anangoja mtu mmoja tu aulize.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Imamu Abu Hanifa, awarehemu walimu wetu, na atuzidishie elimu yenye manufaa.